Ukuta Mmoja, Michoro Mingi

Katika programu za kisasa za usanifu majengo, ukuta wa sebule huchorwa mara moja tu. Baada ya hapo hujitokeza kwenye ramani ya sakafu, ramani ya dari, mikato, sura za nje, mchoro wa undani wa skeli ya 1:20 na picha ya pande tatu anayoonyeshwa mwenye nyumba. Kila mahali una sura yake: hapa ni mistari miwili minene yenye alama ya tofali katikati, pale ni mstari mwembamba wa kijivu, kwingine haupo kabisa. Ukuta wenyewe haujabadilika. Kilichobadilika ni kanuni zinazoiambia programu kionyeshwe nini, wapi, na kwa mstari wa unene gani. Kanuni hizo zimetawanyika sehemu nyingi ndani ya faili, na mchoraji asiyejua zilipo hupoteza nusu siku akitafuta ukuta uliotoweka, kisha akauchora upya juu ya ule uliofichika.

Kuficha kitu ni kazi ya kubofya mara moja. Kazi ya kweli ni kuchagua ngazi ambayo uamuzi huo utakaa: kwenye kitu chenyewe, kwenye aina yake, kwenye mwonekano mmoja, au kwenye mradi mzima. Uamuzi uliowekwa ngazi isiyofaa huonekana sawa kwenye skrini siku ulipofanywa, kisha huleta michoro inayopingana miezi kadhaa baadaye. Jambo hili si la urembo. Fundi mwashi aliyeko saiti hana modeli mkononi. Ana karatasi, au picha ya karatasi hiyo kwenye simu. Kisichoonekana hapo hakijengwi, au hujengwa baadaye kwa kuvunja kilichokwisha kujengwa, na gharama yake humwangukia mtu.

Mfumo wa kwanza wa kutawala mionekano ulitangulia kompyuta. Ofisi kubwa za michoro zilikuwa zikichora kwenye karatasi angavu za plastiki zilizotobolewa mashimo ukingoni, kisha zikazipanga juu ya upau wenye pini ili zilingane barabara. Karatasi moja ilibeba kuta, nyingine umeme, nyingine mabomba. Kwa kuchagua karatasi za kupanga pamoja, ofisi ilitoa ramani ya umeme au ya mabomba bila kuchora kuta upya. Programu ya AutoCAD, iliyotoka Desemba 1982, iliurithi utaratibu huo kwa jina la leya. Mwanzoni leya iliyozimwa ilizimika faili nzima. Toleo la 11 la mwaka 1990 lilileta nafasi ya karatasi, yaani ukurasa wenye madirisha kadhaa yanayoitazama kazi ileile, na kila dirisha likaweza kugandisha leya zake bila kuyagusa mengine. Toleo la 2008 likaongeza uwezo wa leya moja kuwa na rangi na unene tofauti katika kila dirisha.

Utaratibu huo unafanya kazi vizuri na ofisi nyingi zinautegemea hadi leo. Kikomo chake ni kwamba leya ni lebo tu. Programu haijui kuwa mistari miwili sambamba ni ukuta. Inajua kwamba imewekwa kwenye leya iliyoitwa ukuta na mtu aliyekuwa makini siku hiyo. Mchoraji akisahau kubadili leya, mlango unakaa pamoja na samani na unatoweka pamoja nazo. Mkato nao huchorwa upya kwa mkono, kwa kuwa mistari ya ramani haina urefu wa kwenda juu.

Jaribio la kuvuka kikomo hicho ndani ya AutoCAD lilikuja mwaka 1998 kwa bidhaa ya Autodesk, watengenezaji wa AutoCAD, iitwayo Architectural Desktop, ambayo baadaye iliitwa AutoCAD Architecture. Humo mlango ni kitu kimoja kilichobeba sura kadhaa. Sura ya ramani ina ubao uliofunguliwa na tao la kufungukia. Sura ya pande tatu ina mlango uliofungwa ndani ya fremu. Sura ya ramani ya dari haina ubao wala tao, kwa maana anayetazama juu haoni jani la mlango. Sura za vitu mbalimbali hukusanywa katika seti, na seti hukusanywa katika mpangilio unaochagua seti kwa kufuata upande anaotazama mtumiaji: akitazama kutoka juu anapata ramani, akizungusha modeli anapata umbo kamili. Wazo hili ni zuri, na lililofuata baadaye halikulipita sana kwa akili. Ugumu wake ulikuwa kwenye ngazi. Sifa za kila sura ziliweza kuwekwa kama chaguo la kawaida la faili, zikabatilishwa na mtindo wa kitu, kisha zikabatilishwa tena na kitu kimoja kimoja. Milango miwili iliyosimama jirani iliweza kutii sheria mbili tofauti, na kwa kuitazama tu usingejua kwa nini.

Revit iliingia uwanjani kwa njia nyingine. Kampuni iliyoitengeneza iliundwa Marekani mwaka 1997, toleo la kwanza likatoka mwaka 2000, na Autodesk ikainunua kampuni hiyo mwaka 2002. Ndani yake hakuna leya. Kila kitu kina kategoria kiliyozaliwa nayo, iwe ukuta, mlango, dirisha au sakafu, na mchoraji hawezi kuihamisha kwa bahati mbaya. Vitu vimegawanyika pande mbili. Vitu vya modeli vipo kila mahali mpaka kanuni fulani ivifiche. Maandishi na vipimo vipo katika mwonekano vilimoandikwa tu. Mgawanyiko huu unaeleza mengi yanayowasumbua wanaoanza: ukuta uliofutwa kwenye ramani hutoweka pia kwenye mkato, kwa kuwa ni ukuta uleule, na kipimo kilichoandikwa kwenye ramani ya ghorofa ya kwanza hakionekani kwenye nakala ya ramani hiyo iliyotengenezwa kabla yake.

Kanuni ya kwanza ya kuieleza kwa utulivu ni upeo wa mwonekano. Ramani ya sakafu kwa kweli ni mkato wa mlalo: jengo linakatwa kwa usawa fulani, sehemu ya juu inaondolewa, na mtazamaji anaangalia chini. Katika kiolezo cha Revit cha vipimo vya mita, usawa wa mkato huanza ukiwa milimita 1200 juu ya sakafu, na upeo wa juu milimita 2300. Chini yake kuna mpaka wa chini na mpaka wa kina, yote miwili ikiwa kwenye usawa wa sakafu yenyewe. Kilichokatwa huchorwa kwa mstari mnene. Kilicho kati ya mkato na mpaka wa chini huchorwa kwa mstari mwembamba. Kilichoshuka kati ya mpaka wa chini na ule wa kina hupewa mtindo wa tatu. Kilicho juu ya mkato hakichorwi, ukiacha kategoria chache zenye ruhusa maalumu.

Usawa wa milimita 1200 unafaa kwa kuwa unapita kwenye milango na kwenye madirisha ya kawaida. Sasa tuchukue dirisha la bafu linaloanzia milimita 1800 kutoka sakafuni, kama lilivyo katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki ili mpita njia asichungulie. Mkato unapita chini yake. Ukuta wa bafu unaweza kuonekana mzima kwenye ramani, huku sura ya nje ikionyesha dirisha, na fundi aliyepewa ramani peke yake atapandisha tofali moja kwa moja.

Tiba inayomjia mtu haraka ni kupandisha usawa wa mkato wa ramani nzima hadi milimita 1900. Dirisha linajitokeza. Lakini jikoni, makabati ya ukutani yanayoanzia milimita 1400 sasa yameingia ndani ya mkato. Ngazi yenye vidato vya milimita 170, iliyokuwa ikikatika karibu na kidato cha saba, sasa inakatika karibu na cha kumi na moja na kuziba stoo iliyo chini yake. Uamuzi ulihitajika kwa dirisha moja. Umewekwa ngazi ya ramani nzima, na vyumba visivyohusika vimelipa.

Tiba ya pili ni kuchora mpaka kuzunguka bafu na kulipatia eneo hilo usawa wake wa mkato. Ya tatu ni kuibadili familia ya dirisha, yaani ule mtindo ambao madirisha yote ya aina hiyo yanazalishwa kutokana nao, ili iwe na alama ya ramani inayojitokeza hata mkato unapopita chini. Kuchagua kati ya hizo mbili kunategemea swali jepesi: je, hali hii ni ya mahali au ni ya aina? Nyumba yenye sakafu iliyoshuka upande mmoja ina tatizo la mahali, na mpaka wa eneo ndio jibu. Jengo lenye vyoo kumi na mbili vyenye dirisha lilelile lina tatizo la aina. Kuchora mipaka kumi na miwili ni kujiandalia siku ambayo choo cha kumi na tatu kitaongezwa na mpaka wake kusahauliwa.

Ngazi za maamuzi katika Revit zinapangika hivi. Chini kabisa kuna jedwali la mradi mzima linalosema ukuta ukikatwa uchorwe kwa kalamu ipi. Juu yake kuna jedwali la kila mwonekano, ambalo linaweza kuificha kategoria nzima au kuibadilisha mistari yake. Juu yake kuna vichujio, vinavyochagua vitu kwa sifa zake. Mwisho kuna amri iliyotolewa kwa kitu kimoja ndani ya mwonekano mmoja. Kadiri uamuzi unavyokikaribia kitu, ndivyo unavyozishinda amri za mbali. Tatizo ni kwamba kadiri unavyokikaribia, ndivyo pia unavyokuwa mgumu kuonekana na watu wengine wa ofisini. Jedwali la mradi lipo sehemu moja na yeyote anaweza kulifungua. Amri ya kitu kimoja haijaandikwa katika orodha yoyote. Ipo hali ya skrini inayofichua vitu vilivyofichwa kwa kuvipaka rangi nyekundu, lakini hufunguliwa mwonekano mmoja baada ya mwingine, na mradi wa wastani una mionekano mingi kuliko subira ya mtu saa tano usiku kabla ya siku ya kuwasilisha. Amri yenye nguvu kuliko zote ndiyo isiyo na anwani. Ofisi inayoelewa jambo hili huwaomba wachoraji wake waiache amri hiyo iwe ya mwisho kabisa.

Vichujio vinastahili imani kubwa kuliko vinayopewa. Tuseme mkaguzi anahitaji ramani ya usalama wa moto inayoonyesha kuta zinazohimili moto kwa dakika 60. Mchoraji anaweza kuzigusa kuta hizo moja moja na kuzipaka nyekundu. Kazi itaisha mapema na ramani itapendeza. Anaweza pia kujaza sifa ya dakika kwenye kila aina ya ukuta, kisha akaweka kichujio katika ramani hiyo kinachosema: kila ukuta wenye thamani 60 uwe mwekundu. Tofauti inajitokeza msanifu anapousogeza ukanda wa ngazi na kuongeza ukuta mpya wa aina hiyohiyo. Katika njia ya kwanza ukuta mpya ni mweusi, na ramani ya moto imekuwa ya uongo bila mtu kukusudia. Katika njia ya pili unajipaka wenyewe. Udhaifu wa kichujio ni kimya chake pale sifa inapoachwa wazi: ukuta usiojazwa kitu unaonekana kama ukuta usiohitaji kitu. Kwa hiyo inafaa kuweka kichujio cha pili kinachopaka rangi kali kila ukuta ambao sehemu yake ya dakika ni tupu. Vichujio viwili vikigombania ukuta mmoja, kilichoandikwa juu kwenye orodha ndicho kinachoshinda, na mpangilio wa orodha hiyo nao ni uamuzi.

Ujenzi wa kuongeza vyumba kwenye nyumba iliyopo unaonyesha nguvu ya kanuni nyingine, ile ya awamu. Kila ukuta hubeba taarifa mbili: umejengwa awamu gani na umevunjwa awamu gani. Kila mwonekano nao una awamu yake na kichujio chake cha awamu. Kutoka katika modeli hiyo moja hupatikana ramani ya nyumba ilivyo, ramani ya kubomoa yenye kuta za kuondolewa zikiwa na mistari ya vipande, na ramani ya nyumba itakavyokamilika. Anayefanya hivyo kwa kunakili ramani mara tatu anabeba jukumu la kusahihisha kila badiliko mara tatu. Hata hivyo awamu ina mtego unaohitaji kujulikana: mwonekano hauonyeshi tu, pia unagonga mhuri. Ukuta mpya ukichorwa ndani ya mwonekano uliowekwa awamu ya jengo lililopo, programu inauandika kuwa ukuta wa zamani, na utatoka kwenye karatasi kama kitu ambacho mkandarasi atakikuta tayari kimesimama.

Skeli ni kanuni inayofanya kazi kimyakimya. Ukuta wa tofali una lipu ya milimita 15 kila upande. Kwa skeli ya 1:100 lipu hiyo ni milimita 0.15 kwenye karatasi, nyembamba kuliko mistari mingi inayotakiwa kuionyesha. Mistari inagandana na ukuta unakuwa doa jeusi. Kwa 1:20 lipu ileile ni milimita 0.75 na inasomeka vizuri. Ndiyo sababu kila mwonekano una kiwango cha undani: cha chini kinachora kingo za ukuta tu, cha kati na cha juu vinafungua matabaka yake. Unene wa kalamu nao Revit huubadilisha kwa kila skeli, hivyo kalamu ileile ni nyembamba kwenye 1:200 kuliko kwenye 1:50. Viwango vya kimataifa vya mistari hupanda kwa uwiano wa kipeuo cha pili cha 2 (0.18, 0.25, 0.35, 0.5, 0.7), uwiano uleule wa karatasi za A1, A2 na A3. Mchoro wa A1 ukipunguzwa hadi A2, mstari wa 0.5 unakuwa 0.35, ambao pia ni mstari halali. Alama za mikato nazo zina sharti la skeli: zinaweza kuamriwa zijifiche katika mionekano yenye skeli ndogo kuliko iliyotajwa, na wengi wamewahi kudhani mkato umefutwa kumbe ramani imehamishwa kutoka 1:100 kwenda 1:200.

Kuna jambo moja ambalo kila anayeficha kitu anapaswa kulijua kabla hajabofya. Kuficha hakuondoi. Mlango uliofichwa katika ramani bado umo katika jedwali la milango, kwa kuwa jedwali linahesabu modeli na halijali mwonekano unaonyesha nini. Mkadiriaji majenzi anayetumia jedwali hilo atauhesabu, atautilia bei na kuuingiza katika zabuni. Hali ni mbaya zaidi kwa yule mchoraji wa mwanzo aliyechora ukuta upya juu ya uliofichika, au aliyeweka dirisha juu ya dirisha: Revit hutoa onyo, kwa mfano kwa madirisha kuwa vitu viwili vinavyofanana viko mahali pamoja na vitahesabiwa mara mbili, lakini onyo hilo hufungwa kwa kubofya na kubaki katika orodha ambayo wachache huifungua. Kama kitu hakitajengwa, kifutwe. Kama kitajengwa katika awamu nyingine, kipewe awamu hiyo. Kuficha kubaki kwa kile ambacho kipo kweli ila hakihusiki na mchoro huo.

Uzito wa kuficha unaongezeka modeli inapovuka mipaka ya ofisi. Modeli ya mhandisi wa miundo ikiunganishwa na ya msanifu, nguzo zinajikuta mbili mbili, na ni lazima iamuliwe za nani zitaonyeshwa. Amri hiyo hutolewa kwa kila modeli iliyounganishwa ndani ya kila mwonekano. Faili inapopelekwa kwa wengine kwa muundo wa michoro ya mistari, kinachosafiri ni kile kinachoonekana tu. Katika kusafirisha modeli kwa muundo wa wazi wa IFC lipo chaguo la kutuma vitu vinavyoonekana katika mwonekano wa sasa peke yake. Hapo kuficha kumegeuka kuwa kutopeleka. Boriti iliyofichwa ili picha ipendeze inaweza isifike kabisa kwa mtu wa viyoyozi, naye akapitisha bomba lake la hewa katikati ya boriti hiyo.

ArchiCAD, inayotoka Hungaria, inapanga mambo kwa mkono mwingine lakini inakutana na swali lilelile. Humo leya bado zipo, na kitu chenyewe husema kionekane kwenye ghorofa ipi: yake tu, ya juu yake, ya chini yake au zote. Mwonekano uliohifadhiwa hubeba kwa pamoja mchanganyiko wa leya, skeli, seti ya kalamu na chaguo za modeli. Toleo la 20 la mwaka 2016 likaongeza kanuni za kubadili sura kwa kufuata sifa, ndugu wa karibu wa vichujio vya Revit. Programu zilizoanza mbali zimefika karibu, kwa kuwa tatizo ni moja.

Chombo cha kuweka maamuzi haya mahali pa wazi ni kiolezo cha mwonekano. Kiolezo hukusanya kategoria, vichujio, skeli, kiwango cha undani, kichujio cha awamu na upeo, kisha kuvitawala katika kila mwonekano uliofungwa nacho. Hakilazimiki kutawala yote: kipengele kisichowekewa alama hubaki mikononi mwa mwonekano wenyewe, hivyo ofisi inaweza kufunga kategoria na vichujio na kuuacha usawa wa mkato huru kwa ajili ya ghorofa zenye sakafu zisizolingana. Revit pia inaweza kuorodhesha mionekano yote ndani ya jedwali, pamoja na jina la kiolezo cha kila mmoja, na ukosefu wa jina katika safu hiyo unaonyesha mara moja mwonekano unaojiendesha wenyewe. Lakini kiolezo hakigusi ngazi ya mwisho. Kitu kilichofichwa kimoja kimoja hubaki kimefichwa hata mwonekano ukipewa kiolezo kipya. Kwa hiyo kila mwonekano uliopangwa kwenye karatasi inayokwenda saiti, wenye kiolezo na usio nacho, unahitaji kufunguliwa katika hali ya kufichua, na kila kilichogeuka chekundu kiulizwe kwa nini kilifichwa na nani aliamua, kabla karatasi haijapigwa mhuri.